Unaomba 500, inaingia 475

Nitoe alama mapema, maana najua wengine mnasoma hii mkiwa kwenye foleni ya feri na chaji inakaribia kwisha: Hustler Fund naupa nyota 3 kati ya 5. Hizo 2 nilizobania si za riba, kama wengi wanavyodhani nikiwaambia. Riba yake haina shida. Nitafika huko.

Hustler Fund ni ule mkopo wa serikali ya Kenya wa kwenye simu, unaouomba kwa kupiga *254#. Rais William Ruto aliuzindua Nairobi tarehe 30 Novemba 2022, na jioni ile mtaani kwetu Likoni kila mtu alikuwa ameinamia simu utadhani matokeo ya mtihani yametoka. Mimi nilijisajili usiku ule ule, nimekaa jikoni nasubiri donge liumuke. Kioo cha simu yangu mpaka leo kina alama nyeupe pembeni, unga ulioingia chini ya plastiki haukutoka tena.

Nauza mahamri na mbaazi kuanzia alfajiri hadi saa nne, na viazi karai baada ya alasiri. Kabla ya hapo, kwa miaka 11, nilikuwa idara ya kufulia katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Mashuka, taulo, vitambaa vya meza. Jina la hoteli silitaji, haidhuru, waliofanya kazi ufuo ule wanajua kwamba hadithi yangu ni ya wengi.

Sasa mkopo wenyewe. Mara ya kwanza nilipewa 500, ndicho kima cha chini. Ikaingia 475. Jirani yangu muuza samaki naye alikuwa amepata kama mimi, akaja mbio kanga imemwanguka begani: "Mama wee, washaniibia ishirini na tano!" Nikamkalisha. Hawajakuibia. Asilimia 5 ya kila unachokopa inakwenda kwenye akiba yako, na akiba hiyo inagawanywa: 70% ya uzeeni, 30% ya karibu. Kwa hiyo katika zile 25, shilingi 17 na senti 50 ni za uzee wako, na 7 na senti 50 ni za dharura. Akanitazama. "Yaani uzeeni nitanunua hamri moja na robo tatu?" Nikamwambia ndiyo, bei isipopanda.

Tulicheka, lakini mimi hiyo akiba naipenda, na ni mojawapo ya sababu za zile nyota 3. Hotelini nilikuwa nakatwa NSSF kila mwezi bila kuulizwa. Tangu nitoke, hakuna aliyenikata kitu cha uzeeni hata siku moja, na mwenyewe kwa hiari yangu nisingeweka. Kwenye meza ya mahamri hakuna afisa wa mishahara. Haba na haba hujaza kibaba, ingawa kibaba chenyewe kimepanda bei.

Riba ni 8% kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi, hapo ndipo watu wanapopotea. Mkopo wa kila mmoja ni wa siku 14, hivyo kwa 500 riba ni kama shilingi 1 na senti 53. Nilikaa na kalamu nikapiga mara tatu kwa sababu sikuamini. Unapokea 475, unarudisha 501 na ushee, na katika hizo, 25 bado ni zako, ziko kwenye akiba.

Hizo 475 zilifanya nini? Pakiti mbili za unga wa ngano za kilo 2, na nazi moja. Mafuta nilikuwa nayo, hamira na iliki nilikuwa nayo, sukari nilikopa dukani. Kilo 4 za unga kwangu zinatoa mahamri kama 120, ukikata wastani, usikate makubwa ya kujionyesha. Kwa shilingi 10 kila moja hiyo ni 1,200. Saa nne asubuhi nilikuwa na pesa ya kulipa mkopo, pesa ya unga wa kesho na nauli ya mtoto. Nikalipa siku hiyo hiyo. Kwa biashara inayozunguka kwa siku moja kama yangu, au mama wa mboga, au muuza samaki (wa kukaanga, si wa friza), siku 14 ni nyingi mno, unaweza kuzungusha pesa hiyo mara kumi.

Na kabla hujaniambia 500 ni matusi, nikueleze nilikotoka. Mwaka 2020 mwishoni nilikopa 2,000 kwa programu moja ya simu, zile zilizokuwa zimejaa wakati ule, unapakua tu na unapewa pesa kabla hata ya kusoma wanachotaka. Walikata 300 juu kwa juu. Nikachelewa siku sita. Siku ya saba wakampigia simu ustadhi wa madrasa ya mwanangu. Ustadhi! Namba walikuwa wameitoa kwenye simu yangu. Wakamwambia mimi ni mdaiwa sugu na kwa kuwa yeye ni mtu wangu wa karibu anisihi nilipe. Mzee wa watu alinijia na shilingi 500 ndani ya kofia, akidhani nina njaa naona haya kusema. Nililia siku ile kuliko siku niliyotolewa kazini. Basi Machi 2022 zikatoka kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wa simu: wawe na leseni, na marufuku kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya namba kukuaibisha. Kanuni ile ningeipa nyota zote 5, na bahati mbaya watu wanaikumbuka kidogo kuliko huu mkopo wenye nyimbo na fulana.

Sasa twende kwenye nyota 2 zilizobaki, na ya kwanza ni hizo siku 14.

Tuseme umekuwa mteja mzuri, ukapandishwa mpaka juu kabisa. Kilele cha mkopo wa mtu mmoja ni 50,000. Riba ya siku 14 kwa pesa hiyo ni kama 153. Rahisi mno! Lakini unatakiwa urudishe 50,153 kwa siku 14, yaani 3,582 kila siku inayotoka jua, Ijumaa, Jumapili, siku ya mvua na siku ya msiba. Na hiyo iwe faida, si mauzo, maana pesa ya unga huwezi kumpa mtu mwingine. Mwenye faida ya 3,582 kwa siku hasimami kwenye mlango huu. Mimi nilichokuwa nakitaka ni jiko la gesi la mawe manne na mtungi wake mkubwa, niachane na makaa. Jiko la aina hiyo halijilipi kwa wiki mbili. Linajilipa kwa miezi sita, pole pole, kwa makaa ambayo hukununua. Mkopo wa siku 14 unakuwezesha kupika kesho vile vile ulivyopika leo. Ukitaka kupika zaidi, tafuta pengine.

Hapo pengine kwa serikali ni mkopo wa kikundi, ambao ulikuja sikukuu ya Madaraka Dei ya 2023, kule Embu. Watu 10 na kuendelea, kuanzia 20,000 hadi milioni 1, riba 7%, miezi sita. Kwenye karatasi ni mzuri kuliko ule wa kwanza. Tulikaa na chama chetu, kina mama 12, Jumamosi nyumbani kwa shangazi yangu, chai na mkate wa mofa, tukaujadili. Mtunza hazina wetu akasoma masharti kwa sauti. Kimya. Kisha shangazi, ambaye ameendesha chama tangu mimi niko shule ya msingi, akauliza swali moja: "Na mmoja wetu akikimbia?" Akaangalia chini asije akaonekana anamtazama mtu. Lakini sote tulijua ni nani, hata yeye mwenyewe alijua, akaanza kukunja leso yake. Tukamaliza chai. Hatukuomba. Sisemi mkopo ni mbaya. Chama chetu kinaishi kwa sababu hakijawahi kuulizwa swali lile kwa sauti.

Kuhusu kuchelewa, niseme na kosa langu. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipotupiga pwani, siku tano sikupika. Maji yaliingia jikoni, makaa yakalowa, na hata kama ningepika nani angetoka kununua? Nilikuwa na mkopo wa 2,000. Nikachelewa siku tisa. Baada ya siku 14 riba hupanda kutoka 8% hadi 9.5%, na kwa hesabu yangu jumla ya riba yote haikufika shilingi 11. Shilingi 11! Ningecheka kama si ile adhabu nyingine: alama zako hushuka, na ukipitisha siku 30 unafungiwa. Kwa hiyo nilikuwa naogopa kupoteza kiwango nilichokijenga mwaka mzima. Nililipa kwa kuuza kuku wawili. Tangu hapo nikiona wingu najiuliza kwanza nina deni au sina.

Hii yote ni nyota moja iliyokosekana. Ile nyingine ni ngumu zaidi kuieleza, na si ya huu mkopo peke yake. Ni ya mahali ulipowekwa.

Mwezi Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Kenya, hoteli ilikuwa na wageni. Wiki mbili baadaye haikuwa na hata mmoja. Tuliitwa ukumbini, tumekaa mbali mbali, tukapewa barua tutie sahihi: likizo bila malipo, mtaitwa. Nilitia sahihi. Kila mtu alitia. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na wa Likoni mnakumbuka jioni ile ya kwanza feri ilivyokuwa. Tarehe 8 Aprili Mombasa na Kwale zikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia, Kwale mpaka Juni, Mombasa mpaka Julai. Hoteli iko Kwale, mimi niko Mombasa. Hata kama ningetaka kwenda kuuliza, njia hakuna.

Na hapa nitaje jambo ambalo hunichekesha mpaka leo. Mwezi ule ule wa Aprili serikali ilipunguza kodi: anayelipwa hadi 24,000 kwa mwezi akasamehewa kodi ya mshahara yote. Mimi mshahara wangu wa msingi ulikuwa 18,000. Kwa hiyo nilisamehewa kodi ya mshahara nisioupata. Nilimwambia marehemu baba, akasema ni kama mtu akufungulie mwavuli uko ndani ya kisima.

Nilianza mahamri Mei. Viazi karai sikuthubutu, vile ni vya jioni na jioni ilikuwa ya polisi. Ndiyo sababu hasa ya kuanza na mahamri, si kwamba nilikuwa mpishi wake hodari. Ya kwanza yalikuwa magumu, jirani aliyafananisha na madafu makavu. Kilichoniokoa miezi ile kilitoka Benki Kuu tangu Machi: kutuma pesa kwa simu hadi 1,000 bila ada, mpaka mwisho wa mwaka 2020. Mtu ananunua mahamri ya 50 ananitumia 50, kamili, hakuna anayelia makato, na hakuna noti ya kushikana mikononi wakati kila mtu anaogopa mkono wa mwenzake. Hakuna fomu. Hakuna kujisajili. Hakuna aliyeita ule ni mpango wa kuwainua wanyonge. Nikiulizwa ni sera gani ya korona ilifika mpaka kwenye karai langu, ni hiyo.

Mwanangu wa kwanza aliingia Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana. Shilingi 455 kwa siku, kwa zamu, kuzibua mitaro na kufyeka. Alirudi ananuka matope na akanipa 200 ya unga. Mimi nilijivuna. Ulikuwa mshahara kwa kazi iliyofanyika, mtaro ukawa safi, watu wakauona. Ulipokwisha ulikwisha, hakubaki na ujuzi wala cheti, ila viatu vya mpira.

Hoteli ilifunguka. Mimi sikuitwa. Mwaka 2021 nilisikia wameajiri upya, vijana, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshatia sahihi, na kichwani mwangu sahihi ile ilikuwa kama talaka.

Mwaka jana ndipo nilipokutana na kaka mmoja tuliyefanya kazi pamoja, aliyekuwa mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Siku hizi anaendesha bodaboda. Alisimama kununua mbaazi, tukaulizana habari, nikamweleza. Akaacha kula.

"Dada, uliandikiwa kuwa umepunguzwa?"

"La. Likizo bila malipo."

"Ukaitwa?"

"Sikuitwa."

"Mpaka leo?"

"Kaka, mpaka leo huyu hapa nauza mbaazi."

Akaniomba kalamu. Nyuma ya karatasi ya kufungia mahamri akaandika: kifungu cha 40, Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri akipunguza watu kwa sababu ya biashara, anatakiwa atoe ilani ya mwezi mmoja kwa chama (au kwa mfanyakazi mwenyewe kama si mwanachama) na kwa afisa wa kazi, na amlipe mtu si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliotimiza. Likizo bila malipo isiyo na mwisho hakuna mahali imeandikwa kwamba ni njia ya kumtoa mtu kazini. Tukapiga hesabu pale pale, mshahara wa 18,000, mwezi siku 30: siku 15 ni 9,000. Mara 11. Shilingi 99,000, achilia mbali mshahara wa ilani na siku za likizo ya kweli ambazo sikuzichukua.

Nikamuuliza naweza kudai sasa? Akaangalia chini. Madai ya kazi yana miaka 3, akasema, na ilikuwa imepita.

Hiyo karatasi ninayo, imeingia mafuta lakini inasomeka. Huwa naiweka kando ya simu nikipiga *254#. Upande mmoja 99,000 iliyokuwa haki yangu na hakuna aliyeniambia. Upande mwingine 500 ambayo niliambiwa kwa redio, kwa runinga, kwa ujumbe wa simu, kwa mabango na kwa mkutano wa hadhara. Nilipoteza kazi, nikaletewa deni, na nikaambiwa hongera, sasa wewe ni mjasiriamali. Pesa zile 99,000 zingenunua jiko, mtungi, friza, na zingebaki, bila siku 14 na bila kuogopa mawingu. Kama matangazo ya *254# yangekuwa na sentensi moja tu mwishoni, "na kama uliachishwa kazi wakati wa korona, miaka yako 3 haijaisha, nenda kwa afisa wa kazi", siku ile Novemba 2022 mimi ningekuwa bado ndani ya muda. Miezi michache, lakini ndani.

Hiyo ndiyo nyota ya pili.

Na kwa kuwa nimeanza kuwasema waajiri, nijiseme na mimi. Nina binti ananisaidia, anakuja saa kumi alfajiri anaondoka saa nne. Namlipa 350 kwa siku. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa 12% Mei 2022, kibarua wa kawaida Mombasa akafika 15,201 kwa mwezi, na kikapandishwa tena 6% Novemba 2024. Binti wangu kwa siku 26 anapata 9,100. Najitetea kwamba ni nusu siku. Lakini likizo hana, NSSF hana, na bima ya afya ya SHA tumeizungumza tu. Mchango wa mtu asiye na ajira rasmi huanzia 300 kwa mwezi, ila nilipouliza ulitakiwa uulipe wa mwaka mzima, 3,600 kwa mpigo. Nilitaka kumkopea kwa *254# nimlipie, nikakumbuka siku 14. Juzi aliungua mkono kwa mafuta, si sana, nikampaka asali, nikampa siku mbili na nikamlipa. Alishukuru kama nimempa zawadi. Sikujua niuweke wapi uso.

Wala sidhani mimi ni mwajiri mkubwa. Mauzo yangu, mahamri na viazi pamoja, siku nzuri ni 3,000. Ukijumlisha mwaka mzima yanakaribia milioni 1, na hapo juu ya milioni kuna kodi ya mauzo. Wakati wa korona ilishushwa kutoka 3% hadi 1%, Julai 2023 ikarudishwa 3%. Ya mauzo, si ya faida. Nikiuza hamri la 10, senti 30 zao, hata kama hamri lenyewe limeniingizia shilingi 2. Kwa hiyo natembea nikijipima nisije nikakua kwa bahati mbaya.

Kwa anayetaka kujua nitaendelea kuutumia: ndiyo. Kiwango changu kimefika 3,200. Nakopa Alhamisi, nalipa Jumapili, kwa sababu Ijumaa na wikendi watu wa feri wananunua zaidi. Ukiwa na biashara ya kuzunguka kila siku, jisajili, lipa mapema, usikope wa kula wala wa kumlipa mkopeshaji mwingine. Ukiwa na wazo la kununua kifaa, usiuguse. Ukiwa umetoka kazini juzi na una barua ya kutia sahihi mbele yako, weka kalamu chini kwanza, tafuta mwakilishi wa chama au ofisi ya kazi, hii *254# itakungoja.

Yule kaka wa bodaboda hupita karibu kila asubuhi siku hizi. Wiki iliyopita hakuwa na pesa, pikipiki ilikuwa imeharibika taya ya breki. Nikamfungia mahamri 6 na mbaazi, nikatoa daftari la deni.

"Siku kumi na nne?" akaniuliza, anacheka.

Nikamwandikia mwisho wa mwezi.